Godoro la upepo kwa mgonjwa wa kitandani: miezi minane nikimuuguza mama

Naandika haya kwa yeyote mwenye mgonjwa wa kitandani nyumbani na anajiuliza lile godoro la upepo lenye pampu linalouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba anunue au aachane nalo. Jibu langu nunua. Godoro lenyewe nalipatia nyota nne kati ya tano. Ila lile neno nililoambiwa na muuzaji siku nalipa pesa nalipatia nyota moja, na nitaeleza kwa nini, maana neno lile nusura limtoboe mama kisigino.

Mimi ni fundi friji na AC, naishi Tanga mjini, Ngamiani, nyumba ya mama. Sijaoa, ni wa mwisho kuzaliwa, tuko watatu: kaka yuko Dar kiwandani, dada yuko Muscat anafanya kazi za ndani mwaka wa sita sasa. Mama alipata kiharusi alfajiri moja akiwa anachukua udhu, mkono na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayatoki. Akalazwa siku tisa, ya kumi tukapewa karatasi ya dawa za presha na tarehe ya kliniki tukaambiwa mpelekeni nyumbani akapumzike. Basi, hiyo ndo ilikuwa shule yangu yote. Hakuna aliyeniambia mtu asiyeweza kujigeuza anageuzwaje, analishwaje, anaogeshwaje, akikaa mkao mmoja kwa muda gani ngozi inaanza kufa. Tulipomshusha kwenye bajaji mimi na jirani tulimvuta kwa ule mkono mbovu, kumbe huo ndo mkono usiovutwa kabisa, manake misuli ya bega imelegea hailishiki tena na bega linaweza kuchomoka. Nilikuja kulijua hilo wiki tatu baadaye, na mpaka leo akilalamika bega najisikia vibaya.

Wiki ya pili pale chini ya kiuno, kwenye mfupa wa mkia, ngozi ikaanza kubadilika. Nasema kubadilika na sisemi kuwa nyekundu kwa sababu vitabu vinasema wekundu, na sisi ngozi zetu nyeusi huo wekundu hauuoni. Unachokiona ni pameiva rangi kuliko pembeni, kama zambarau hivi, ukigusa ni pa moto kidogo au pagumu, na ukibonyeza kwa kidole ukaachia rangi haibadiliki. Mimi nikadhani ni uchafu nikawa nasugua na kitambaa! Mama wadogo na mashangazi wakaja na mawazo, kwa nia njema kabisa. Mmoja akasema msokotee kanga iwe kata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, umkalishe juu yake ili pale penye doa paelee hewani. Mwingine akasema msugue na mafuta ya nazi kwa nguvu damu itembee. Nikafanya yote mawili.

Aliyetuokoa ni dada mmoja muuguzi wa zahanati ya mtaani, hakuwa na wajibu wowote wa kuja, alikuja tu baada ya kazi kwa sababu jirani alimwambia. Alikaa na mimi mchana mmoja, kama masaa mawili, na nilichojifunza siku ile kinazidi vyote nilivyoambiwa kabla. Ile kata akaitoa mwenyewe akaitupa pembeni, akasema duara lile linabana pembeni mwa kidonda na damu ndo haifiki kabisa. Kusugua sehemu iliyoanza kuharibika pia akakataza, nyama ya chini imeshachoka ukisugua unaichana. Akanionyesha sehemu za kuangalia kila siku: mfupa wa mkia, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega kwa nyuma, kisogo, na masikio kama analala ubavu. Akanionyesha kumgeuza peke yangu: unakunja goti la upande wa mbali, mkono mmoja begani mmoja nyongani, unamzungusha kuja kwako, humvuti humburuzi, maana kuburuza ndo kunachubua. Mto nyuma ya mgongo alale kimshazari, asilale ubavu kamili mfupa wa nyonga ukabeba mwili wote. Mto mwingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino visiguse kitu. Kila masaa mawili, mchana na usiku. Nikamuuliza usiku pia? Akasema ngozi haijui kama ni usiku.

Hapo ndo habari ya godoro ikaanza. Nilikuwa naamka saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, na alfajiri, kwa siku kumi na saba mfululizo, mpaka nikaanza kusinzia kwenye ngazi kwa mteja, niko juu na kompresa ya AC mkononi. Nikasema kwenye grupu la familia jamani nitakufa mimi kabla ya mama. Dada akatuma pesa kesho yake. Nikaagiza kutoka duka moja Kariakoo, shilingi 165,000, na nauli ya mzigo kwenye basi. Kabla sijalipa nikampigia muuzaji nikamuuliza swali moja tu, hili linanisaidiaje na kumgeuza? Akajibu bila kusita: "Hilo linamgeuza lenyewe kaka, we unaliwasha unalala usingizi wako."

Boksi lilivyofika ndani mna godoro lenyewe limekunjwa, pampu, mipira miwili ya hewa, vipande viwili vya viraka na karatasi ya maelezo ya Kichina na Kiingereza, maandishi madogo kama ya kwenye paketi ya dawa. Plagi ilikuwa ya pini mbili, nikaikata nikaweka ya pini tatu. Kwangu ni kazi ya dakika tano lakini nikamfikiria mama mtu mzima anayemuuguza mumewe na hajawahi kushika bisibisi, yeye angefanyaje?

Lenyewe liko hivi. Ni plastiki ya PVC yenye vibofu vibofu mistari mistari, linatandikwa JUU ya godoro la kawaida, siyo badala yake. Narudia kwa sababu nimeona mtu kaondoa godoro la sponji kaweka hili juu ya mbao. Kichwani na miguuni lina ulimi mrefu unaupitisha chini ya godoro ili lisiteleze. Pampu ina ndoano, unaining'iniza miguuni mwa kitanda, isiwe chini sakafuni inapovuta vumbi. Mara ya kwanza lilichukua kama nusu saa kujaa. Baada ya hapo vibofu vinajaa mstari huu vinapungua ule, vinabadilishana kila dakika kama tano kwangu, kwa hiyo hakuna sehemu ya mwili inayobanwa muda wote. Sauti ni mvumo mdogo kama friji ya zamani ikiwa mbali, mama haimsumbui. Siku ya kwanza alikaa kimya muda mrefu amefumba macho, halafu akasema kwa ule ulimi mzito, "Linapumua." Lilikuwa neno lake la kwanza kueleweka vizuri tangu augue, nikamrekodia dada voisi nikamtumia.

Usiku ule nikalala. Nikalala saa tatu nikaamka saa kumi na mbili, na usiku uliofuata hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu namwogesha nikashika kisigino cha kulia, kile cha mguu usio na hisia nzuri, kina doa kubwa kama sarafu, limeiva, linalainika kama embe lililogonga chini. Niliishiwa nguvu nikakaa sakafuni.

Sasa sikilizeni, hili ndo ningependa kila muuzaji alijue kabla hajafungua mdomo. Godoro la upepo HALIMGEUZI MTU. Linapunguza kubanwa, basi. Mgonjwa bado yuko chali, bado uzito wake uko sehemu zile zile, kisigino ni mfupa mtupu na ngozi, vibofu vya miguuni peke yake havikitoshi. Kumgeuza kunabaki pale pale. Kilichobadilika ni kwamba yule muuguzi aliporudi kuangalia, na baada ya wiki mbili za kukagua ngozi kila siku, aliniruhusu usiku niende masaa matatu badala ya mawili. Saa moja zaidi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuuguza saa moja ni kitu kidogo, kwangu ilikuwa tofauti ya kupanda ngazi na kuanguka. Kile kisigino tukakiwahi, hakikupasuka, kilichukua wiki tano kurudi rangi yake.

Ungeniambia ukweli ule siku ya kwanza ningenunua vile vile. Muuzaji alidhani anauza godoro kwa mgonjwa, kumbe mnunuzi ni mtu aliyekosa usingizi wiki tatu, na mtu wa namna hiyo ukimwambia "lala" anakuamini.

Haya, matumizi. Pampu ina kitufe cha kuzungusha cha uzito. Watu wanadhani likijaa sana ndo zuri, hapana, likiwa gumu kama tairi ni sawa na kulala kwenye benchi. Weka kulingana na uzito wa mgonjwa halafu jaribu hivi: akiwa amelala ingiza kiganja chako chini ya godoro la upepo, juu ya lile la kawaida, pale matako yalipo. Kama unausikia mfupa unakugonga kiganja, limebonyea, ongeza. Unatakiwa usikie hewa katikati, unene kama wa vidole viwili pamoja hivi. Mimi nafanya kila asubuhi, sekunde kumi tu. Shuka moja, ya pamba, ilegee, usiikaze kwa kuipigia kona kama ya hotelini, maana ukiikaza vibofu havifanyi kazi. Usirundike mablanketi wala kutandika nailoni juu yake kwa kuogopa mkojo.

Joto ndo lililoinyima nyota ya tano. PVC haipitishi jasho, na Tanga ya mwezi wa pili mnaijua. Mgongo wa mama ulikuwa unalowa, na ngozi iliyolowa ndo inachubuka haraka. Nilichofanya natandika kanga kuukuu zilizolainika, nabadilisha kila ninapomgeuza, feni iko pembeni haimpigi usoni. Inasaidia ila kazi ya kufua imeongezeka, kamba yangu ya nguo uwani haijawahi kuwa tupu tangu mwezi wa tatu.

Umeme hauli. Pampu yangu imeandikwa wati 7, ukiiacha masaa 24 mwezi mzima ni kama yuniti 5, kwa hiyo usimzimie mgonjwa eti unaokoa luku. Tatizo ni umeme ukikatika. Mara ya kwanza ulikatika saa saba usiku, sikujua, saa kumi naamka kumgeuza godoro limelala chapati na mama yuko juu ya plastiki iliyokunjamana. Hapo ndo utashukuru kwamba la sponji liko chini yake. Siku hizi ukikatika tu nakunja mipira yote miwili nafunga kwa raba za kufungia noti, hewa inabaki muda mrefu. Na nageuza kila masaa mawili mpaka urudi.

Kuhusu uimara, mwezi wa nne lilitoboka. Mama mdogo alikuja kumtazama akakaa kitandani, pini ya mtandio wake ikachoma kibofu kimoja, hakujua hata yeye. Nikatafuta tundu kama tunavyotafuta gesi inapovuja kwenye friji, povu la sabuni na kitambaa, sehemu inayotoa mapovu ndo hapo. Gundi ya kuzibia baiskeli haikushika, PVC siyo mpira. Kiraka kilichokuja kwenye boksi kilishika mpaka leo, kwa hiyo vile viraka msivitupe. Mwezi wa tano pampu ikabadilika sauti, ikawa inakwaruza na hewa ni kidogo. Nikaichomoa nikaifungua: ndani ni koili, sumaku na raba mbili zinazopiga hewa, mtambo uleule wa pampu za kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Raba moja ilikuwa imechanika pembeni. Nilipata zinazolingana kwa fundi mmoja nikabadilisha, chini ya elfu kumi. Duka niliponunua waliniambia ninunue pampu mpya. Kwa hiyo ikikusumbua mpelekee fundi aiangalie kabla hujatoa pesa nyingine.

Jambo moja nililigundua mwenyewe na limetusaidia kuliko alamu ya simu. Mama anaswali kitandani, kwa macho na midomo, anatayamamu kwa jiwe tuliloliweka kwenye kibakuli. Kibla kwetu Tanga ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Kitanda nilikizungusha ili akilala ubavu wa kulia awe ameelekea huko. Basi adhana ikitoka namgeuza kwa ajili ya sala, nusu saa tu, kwa sababu upande ule ndo uliopooza hautakiwi kulaliwa sana, halafu namweka chali kimshazari au ubavu wa kushoto. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, alfajiri, tano zimepatikana bila kupiga hesabu, katikati yake ndo natumia simu. Na yeye sasa ananidai. Nikichelewa alasiri ananiita. Zamani nilikuwa namgeuza kama mzigo, sasa anajua anageukia wapi na kwa nini.

Kuna ambayo godoro lolote halitayagusa na ningekuwa mwongo nikiandika habari za vibofu na pampu tu.

Kumwogesha. Mimi ni mtoto wa kiume na mama yangu ni mtu wa stara, hajawahi kutoka hata kwenye baraza bila kujifunika. Tulimpata dada wa kazi kwa elfu themanini kwa mwezi, akakaa wiki tatu akaondoka, na simlaumu, ile ilikuwa kazi ya watu wawili. Siku ya kwanza namwogesha mimi mama alilia, na mimi nikaenda kulia uwani. Yule muuguzi ndo alinifundisha kwa kanga mbili. Moja kavu inabaki juu ya mwili muda wote, mkono wako unapita chini yake na kitambaa cha maji ya vuguvugu, unasafisha mkono, unakausha kwa kugandamiza siyo kufuta, unahamia sehemu nyingine, kanga ikilowa unaiteremsha huku unapandisha ya pili, hakuna wakati anaobaki wazi. Macho yangu yanakuwa dirishani, namsimulia habari za mafriji ya watu, nani kaleta la kuchekesha. Sasa hivi halii tena. Wenzangu wa kiume mnaouguza mama zenu, inawezekana, wala hamtamvunjia heshima.

Pesa. Pampasi za watu wazima paketi ya kumi nanunua 18,000. Ukitumia tatu kwa siku mwezi ni paketi tisa, 162,000. Yaani kila mwezi nanunua godoro jingine la upepo na kulitupa. Tukaamua pampasi ni za usiku na siku za kliniki, mchana nakunja vitambaa vya mashuka ya zamani. Na hapo sijasema kipato changu, manake mteja akinipigia friji limekufa Pongwe au Maweni siwezi kwenda na kurudi ndani ya masaa mawili, wateja wa mbali wote wamehama. Natengeneza yanayoletwa hapa barazani tu. Hotel moja niliyokuwa nahudumia AC zake miaka minne imeshachukua fundi mwingine, na wana haki, biashara yao haiwezi kunisubiri.

Kaka nilimchukia muda mrefu, niseme ukweli. Anatuma voisi "poleni sana, Mungu atamponya", halafu kimya. Mpaka siku aliponipigia analia. Alikuwa ameenda ofisini kwao kuomba ruhusa ya siku chache za malipo aje kunipokea, wakamwonyesha sheria. Nikaitafuta nikaisoma mwenyewe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada yako AKIFARIKI. Mzazi akiugua hayumo. Mama yetu akifa kaka anapewa siku nne za kuja kuzika, lakini kuja kumgeuza akiwa hai sheria ile haikumpa hata moja ya malipo. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Nyumba nyingi tunagombana ndugu kwa ndugu, nani hajali, nani kamtelekeza mzazi, na kumbe kuna kitu kingine kimetubana wote na hatukioni.

Na nikienda kliniki kwenye benchi mara nyingi mwanaume ni mimi peke yangu. Wengine wote ni mabinti, wake, wakwe, wameshika mafaili na chupa za uji. Watu wananisifia mimi, "kijana una moyo, Mungu akulipe", kisha wanaulizia kwani dada yako yuko wapi. Kuna mama mmoja wa Pongwe anamuuguza mumewe mwaka wa nne, mgongo wake umepinda kwa kunyanyua, sijawahi kusikia mtu akimsifia, anaonekana anafanya yanayompasa tu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwenye ripoti yao ya 2018 walisema kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa duniani ni masaa bilioni 16.4 kwa siku, na zaidi ya robo tatu yanabebwa na wanawake. Nikisoma namba kubwa hivyo huwa sielewi kitu, lakini yule mama wa Pongwe namwelewa. Nilimpelekea godoro kama langu, tulichanga watu sita wa pale kwenye benchi, na nilimfungia mwenyewe, nikamtengenezea na plagi.

Nilipomfungia ndo nikagundua hajui kusoma Kiingereza wala Kichina, na mimi sitakuwepo saa saba usiku umeme ukikatika. Nikamwandikia karatasi. Nikarudi nyumbani nikaandika nyingine kama hiyo kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani juu ya kitanda cha mama: saa za kumgeuza na upande gani, mto uende wapi, kiganja asubuhi, kitufe cha uzito kiko namba ngapi, mipira ikunjwe umeme ukikatika, hakuna pini wala hereni zenye ncha karibu na kitanda, usimvute mkono wa kulia, akila akalishwe wima na abaki wima nusu saa, visigino viangaliwe kwa tochi. Kabla ya karatasi hakuna aliyeweza kunipokea hata akitaka, kila kitu kilikuwa kichwani mwangu, mtu akija kunisaidia ananiamsha kuniuliza.

Nyie mnaouza haya magodoro, nawaomba kwa moyo wangu wote. Karatasi moja ya Kiswahili ndani ya boksi, haizidi shilingi mia mbili kuchapa. Muandike wazi kwamba mgonjwa bado anageuzwa. Wekeni na raba za akiba za pampu, wekeni plagi ya soketi zetu. Na mtu akipiga simu kuulizia muulizeni na yeye, nani atamhudumia huyo mgonjwa, yuko peke yake?

Mwezi uliopita kaka alitumia likizo yake ya mwaka, akaja Ijumaa usiku na begi moja. Hakuuliza mengi, akasimama mbele ya ile karatasi akaisoma mara mbili akaipiga picha na simu, akaniambia nenda sebuleni. Nililala saa tatu. Nilishtuka na adhana ya alfajiri nikakimbia chumbani roho juu, nikamkuta amekaa kwenye mkeka miguuni mwa kitanda, tochi ya simu mkononi, anamwangalia mama visigino kimoja kimoja kama karatasi inavyosema. Vyote viwili safi. Mama akaninyooshea ule mkono mzima kuelekea mlangoni, akasema, "Kaswali, ukalale tena."